Mfereji Ulioniuma Mimi Peke Yangu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na kila masika yakianza kupiga mabati huja yenyewe bila kuitwa. Ilikuwa alasiri ya mvua, huko Ruiru. Nilikuwa nimesimama bila viatu nyuma ya nyumba isiyokuwa yangu, nimemkumbatia mtoto wangu mchanga, na mama mkwe wangu ananitazama kama mtu aliyeporwa njiani. Nitakufikisha hapo, usiwe na haraka. Uzee umenipa miguu mizito na muda mwingi, na leo nataka kuutumia huo muda.

Nasikia unakwenda kukaa katika nyumba ya watu, uwalindie mpaka warudi. Nyumba ya zamani, umesema, yenye bustani na dari za mbao. Ni jambo jema kuaminiwa funguo. Basi kabla hujafunga mkoba, nisikilize.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho. Huko unakopita leo kwenda Kamakis kula nyama, ilikuwa kahawa na nyasi mpaka macho yachoke, na asubuhi ukungu uliteremka ukalala juu ya mikahawa, ukakataa kuamka. Mume wangu Kamau, Mungu amlaze pema, alikuwa dereva wa lori kwenye kinu cha kahawa. Mimi nilikuwa msichana wa kutoka mashariki ya Thika, kwenye mashamba ya mkonge, na sikuwa nimekaa sana katika ndoa. Tulikuwa na mtoto mmoja, Wambui, aliyekuwa bado ananyonya.

Stoo ya kinu kile ilisimamiwa na Mgoa mmoja mzee, Bwana Mendes, mtu mpole mwenye kofia ya majani asiyoivua ila kanisani. Alimpenda Kamau kwa sababu hakunywa na hakugonga lori. Siku moja Bwana Mendes na mkewe wakapata habari za ugonjwa kwao, ikawalazimu wapande gari moshi hadi Mombasa, na kutoka huko meli mpaka Goa. Wangekaa miezi mingi. Wakatuomba tuhamie chumba cha nyuma, kilichounganishwa na jikoni, tuwashe taa kila jioni ili wezi wajue kuna watu, na tuiangalie nyumba.

Nyumba yenyewe ilikuwa imejengwa na Mzungu mmoja wa kahawa aliyekuwa amekufa zamani. Kuta za mawe, paa la mabati mekundu, veranda iliyojaa vyungu vya maua. Nyaya za stima zilipita juu ya ukuta waziwazi, zimefunikwa kitambaa cheusi na kupigiliwa kwenye vipande vya mbao, kama mistari aliyoichora mtoto akiwa amekatazwa. Mabomba ya maji yalikuwa ya chuma, manene, nayo yalipita darini na kushuka ukutani bila aibu.

Mama Mendes alinishika mkono akanizungusha nyumba nzima. Alinionyesha maua ya kumwagilia, saa ya ukutani ya kutiwa ufunguo, kabati la sahani la kutoguswa. Akaniambia nyumba isiyowashwa moto hufa, kwa hivyo nipike jikoni mwake kila siku, nisiogope. Bwana Mendes alisimama mlangoni akitazama saa yake, maana gari lilikuwa linangoja. Hakuna aliyetuambia maji hufungiwa wapi, wala stima huzimiwa wapi, na sisi hatukuuliza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kijana hupokea funguo kwa mikono miwili, mdomo akausahau nyumbani.

Nikwambie ukweli, siku zile za kwanza niliishi kama mtu aliyeingia katika ndoto ya mtu mwingine. Sikuwa nimewahi kukaa penye stima. Jioni nilibonyeza kile kidude cha shaba ukutani na mwanga ukashuka juu ya viti vya watu wasiokuwapo, nami nikasimama pale nikiwatazama kama wapo. Alfajiri mabomba yaliimba. Kwanza yalikohoa, halafu yakapiga mluzi mrefu, halafu yakanong'ona darini kama wanawake wanaosubiri ibada ianze. Mikahawa ilichanua wakati huo, maua meupe mpaka upeo wa macho, na harufu yake tamu ilipenya madirishani ikanilevya. Nilimnyonyesha Wambui kwenye veranda, nikasinzia, nikaamka, nikasinzia tena, na sikujua kila mara nilikuwa upande gani wa usingizi.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na mfereji, yaani bomba la kufungulia maji, juu ya sakafu ya saruji, mahali pa kufulia. Maji yake yalitoka kwenye tangi la kuchemshia kwa stima, ambalo Mama Mendes alisema tuliache likiwaka kwa ajili ya kumwogesha mtoto. Basi asubuhi moja, baada ya mvua ya kwanza, niligusa mfereji huo nikahisi kitu. Hakikuwa maumivu. Kilikuwa kama siafu wawili watatu wanapanda kidoleni. Nikautoa mkono, nikautazama, hakuna siafu. Nikagusa tena. Wakapanda tena, mpaka kifundoni.

Jioni nikamwambia Kamau. Alikuwa amechoka, lakini aliamka akaenda nyuma, akaushika mfereji kwa kiganja kizima, akaufungua na kuufunga. Akarudi akasema hauna kitu, ni chuma tu. Sikushindana naye. Kesho yake ukaniuma tena, na mvua ilipozidi, nao ukazidi kuuma. Nikamwambia mara ya pili. Akaenda, akaushika, akarudi. Safari hii aliketi kando yangu akanieleza kwa upole kwamba mwanamke anayenyonyesha huchoka, na pengine nimewakumbuka watu wa kwetu. Alisema kwa mapenzi, mwanangu, na hilo ndilo liliniumiza zaidi, maana mtu akikudharau unaweza kumkasirikia, lakini akikuhurumia kwa jambo ambalo si ugonjwa, unaanza kujiuliza kama kweli huugui.

Niliwaambia wanawake wawili wa kanisani. Mmoja alikuja na raba zake miguuni, akaugusa, akacheka. Mwingine hakuja kabisa. Alisema ni yule Mzungu aliyejenga, hataki mtoto mweusi aogeshwe pale. Nikaanza kuota ndoto. Niliota nyumba imeniweka kiganjani inanipima uzito. Nikiamka nilisikia mabomba yakinong'ona, na nikadhani nimelisikia jina langu. Nilianza kusogea pale nyuma kwa hila, kama mtu anayepita penye mbwa mkali: nilisimama juu ya kipande cha ubao, nikakunja kitambaa kikavu mkononi, ndipo nikafungua maji. Hivyo haukuniuma. Lakini sikumwambia mtu tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nami nilikuwa nimechoka kuwaeleza watu habari za kunguni wasiowauma.

Sasa akaja mama yake Kamau. Nilimwita Maitu, yaani mama, kama desturi. Alitoka kijijini upande wa Gatundu, siku zile watu bado wanaishi katika vile vijiji vya hali ya hatari, serikali ya wakoloni ilivyovizungushia mitaro, na safari fupi tu ilitaka ruhusa. Alikuja kunisaidia mtoto. Na mtoto huyo alikuwa wake kwa namna ya pekee, maana kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Wambui mkubwa alikuja kumlea Wambui mdogo.

Nilimwogopa. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, mwenye macho yanayokaa juu ya kitu mpaka kimalizike. Alinipikia njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, kila siku ili maziwa yawe mengi, akaweka bakuli mbele yangu, akaondoka bila kusema kula. Nilidhani kimya chake ni hukumu. Maji ya mfereji hakuyataka. Alisema yana ladha ya msumari, akateremka mwenyewe kijitoni kuchota. Kwa hivyo hakuwahi kuugusa, nami sikuthubutu kumweleza. Ningesemaje? Mkwe ndiyo kwanza anafika, nimwambie chuma cha watu kinaniuma?

Siku ile niliyoanza kukusimulia, mvua ilianza kabla ya saa sita na haikupumua. Kamau alikuwa amepeleka mzigo Thika. Kijito kilifurika kikawa chekundu kama chai ya udongo. Mimi nilikuwa ndani, sebuleni, nikitia saa ufunguo, nikasikia mabomba yametoa sauti ngeni. Hayakuimba. Yalifyonza, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Nikatazama juu. Doa la maji lilikuwa limeota darini, na chini yake ukuta ulikuwa unatoka jasho, maji yanateremka polepole, yanazunguka picha ya ndoa ya wenye nyumba, yanaelekea kwenye swichi. Taa ilififia, ikang'aa, ikafifia. Kulikuwa na harufu ya kitambaa kinachoungua.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Maitu yuko nyuma na mtoto, na kwamba kijito kimechafuka.

Nilikimbia. Nilimkuta ameweka karai la chuma chini ya mfereji, miguu mitupu kwenye saruji iliyolowa, Wambui uchi katika mkono wake wa kushoto, mkono wa kulia unanyooka kwenda kufungua maji. Nilimpokonya mtoto. Nasema nilimpokonya, mwanangu, sikumpokea. Nilimvuta kutoka mikononi mwa nyanya yake aliyempa jina, nikarudi nyuma hatua kadhaa, mvua ikinipiga.

Wewe hujui uzito wa jambo hilo. Kwa siku zile, mkwe aliyefanya hivyo angeweza kurudishwa kwao na mtu asiulize sababu. Maitu alisimama na mikono yake mitupu. Macho yake yalikaa juu yangu. Nilingoja yanimalize.

Akauliza kwa sauti ya chini nimeona nini.

Nikamwambia yote, kwa haraka, maneno yakigongana. Siafu. Kidole. Kifundo. Kwamba nilimwambia Baba Wambui akaugusa akasema hauna kitu, na mwanamke wa kanisani akaugusa akacheka. Nilipomaliza nilijua atakalofanya. Angenyoosha mkono auguse, kama wote, kisha anitazame. Nikafungua kinywa kumwomba asifanye hivyo.

Hakunyoosha mkono. Aliutazama mfereji, akanitazama mimi, akatazama ule ubao niliouficha nyuma ya ndoo na kitambaa kilichokunjwa juu yake.

"Umesema unauma," akasema. "Basi unauma."

Akavua leso yake ya mabegani, akamfunika mtoto nami pamoja. Akaongeza, "Twende ndani palipo pakavu, mwari."

Mwari kwetu ni binti. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nililia, na sikujua ni kwa hofu au kwa nini. Nilikuwa nimebeba jambo lile kwa majuma, na mtu mmoja, bila ushahidi wowote, alikuwa amelishika upande wa pili.

Tulikuwa bado jikoni Kamau aliposimamisha lori. Aliingia akichuruzika maji, akatukuta tumekaa juu ya magunia makavu, mama yake amempakata mtoto. Maitu akamwambia mfereji ule usiguswe na mtu. Kamau akatabasamu, lile tabasamu la mtu mwema aliyechoka. Akatoka nyuma nasi tukamfuata mpaka mlangoni. Akaushika mfereji, akaufungua, maji yakatoka, akaufunga. Akatugeukia kama anayesema, mnaona.

Halafu akatazama uso wangu, na nadhani alitaka kunisaidia. Alitaka yaishe. Akainama akaanza kuvua akala zake, zile kandambili za mpira wa gurudumu ambazo madereva wote walizivaa. "Basi nitavua viatu," akasema, "nisimame kama nyinyi, ndipo tumalize maneno haya." Mguu mmoja ulikuwa tayari umetoka, unashuka kwenye maji, na mkono wake uliolowa unarudi kwenye chuma.

Maitu alimshika kifundo cha mkono. Sikumwona akitembea, alikuwa mlangoni, kisha alikuwa pale, kwenye ukingo mkavu wa kizingiti, ameuvuta mkono ule kwake kwa nguvu zake zote.

"Kamau," akasema, "mkeo amekuambia jambo mara ngapi? Nawe unataka alithibitishe kwa maiti yako? Rudisha kiatu mguuni. Ukitaka kumwamini, mwamini ukiwa umevaa viatu."

Hakupandisha sauti. Mvua ilikuwa kubwa kuliko sauti yake, lakini tulimsikia. Kamau alibaki ameinama kwa muda. Kisha akaurudisha mguu ndani ya akala, akaikaza. Alipoinuka hakutazama mfereji tena, alinitazama mimi. Akaniuliza kitu ambacho hakuwa amekiuliza siku zote zile: unauma vipi, na lini zaidi, na ukisimama wapi? Nikamweleza. Nikamweleza pia habari za ukuta wa sebuleni.

Ndipo tulipojua ubaya wa kutouliza. Stima inazimwa wapi? Tulizunguka nyumba tukifungua milango, moshi mwembamba umeanza kutoka kwenye swichi ile, na mtoto analia. Tulilipata sanduku lake katika chumba cha akiba, nyuma ya rafu ya chupa za achari, mahali ambapo mgeni asingefikiri kutazama. Kamau alipanda juu ya kreti kavu la mbao, akachukua mpini wa ufagio uliokuwa juu ya kabati, mkavu, akausukuma chini mkono wa chuma wa lile sanduku. Taa zilizimika. Nyumba nzima ilinyamaza, na hapo nikatambua kwamba siku zote ilikuwa inavuma, sauti ndogo sana, ambayo sikuijua mpaka ilipokoma.

Yakabaki maji. Doa la darini lilikuwa limekuwa tumbo, limening'inia. Tulitoka tukaenda bustanini kutafuta mahali bomba linapoingilia, Kamau akichimba huku na huku kwa jembe. Aliyepapata ni Maitu. Alikuwa anatembea pole pole kati ya maua, bila viatu, kama mtu anayetafuta sindano kwa nyayo, akasimama. Akasema hapa chini kuna chuma. Tukaondoa matope, tukakuta kifuniko, na chini ya kifuniko koki iliyoshikwa na kutu. Kamau akaleta spana ya lori, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote, ikalia, ikazunguka. Ndani ya nyumba mabomba yalitoa pumzi moja ndefu, yakatulia.

Jioni ile tulikaa jikoni kuzunguka jiko la makaa, na koroboi moja ya mafuta ya taa juu ya meza. Nakumbuka ukungu ulivyokuja madirishani mvua ilipokwisha, na harufu ya kahawa iliyolowa, na Wambui wawili wamelala kila mmoja amefungua kinywa kidogo, wanafanana. Nyumba ile haikunipima tena. Ilikuwa mawe na mbao na mabati, imechoka, kama sisi.

Kamau akasema, bila kuniangalia, "Kuna kingine ulichoniambia nisikisikie?"

Nikafikiri. Kilikuwapo, ila sikuwahi kukisema. Nikamwambia kwamba nilimwogopa mama yake, nikidhani amelala. Maitu hakufumbua macho, lakini nilimwona akitabasamu, kwa mara ya kwanza. Akasema yeye pia aliniogopa mimi, maana msichana wa kwenye mkonge aliyezoea taa za stima, atamtakia nini mwanamke wa kijijini? Tukacheka polepole ili tusimwamshe mtoto.

Kesho yake Kamau alimleta fundi wa stima kutoka Thika, Mhindi mmoja mzee aliyefanya kazi huku akijiimbia. Alifungua tangi la kuchemshia maji. Kifaa cha ndani kilikuwa kimepasuka, stima ikawa inavuja kwenye chuma na kutembea na mabomba, na waya wa kuipeleka ardhini ulikuwa umeliwa na kutu zamani. Akatueleza kwamba mwenye mpira miguuni hatahisi kitu, na asiye na viatu kwenye saruji iliyolowa atahisi. Kwa maji mengi zaidi na mtoto ndani ya karai la chuma, akaanza kusema, kisha akamtazama Wambui, akarudi kwenye kazi yake bila kumaliza. Alibadilisha kile kifaa, akaweka waya mpya, akaondoa swichi iliyoungua. Fundi wa mabomba akaja baadaye akaziba bomba lililopasuka darini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema. Sisi tulikuta ufa ulioachwa na watu wengi kabla yetu, na tulipona kwa neema.

Wenye nyumba walirudi kahawa ikiwa imeiva, nyekundu. Kamau aliwaeleza yote waziwazi, akawaonyesha alama ya maji ukutani. Bwana Mendes alikuwa anatikisa kichwa kwa shukrani. Lakini Mama Mendes alikuwa amekaa chini polepole kwenye kiti chake cha veranda. Aliniuliza mfereji ulikuwa unauma namna gani. Nikasema, kama siafu.

Akanyoosha mikono yake, iliyokuwa myembamba na yenye mishipa, akaitazama. Akasema, kwa Kiswahili chake cha kanisani, kwamba yeye naye aliumwa na mfereji ule mwaka mzima, kila alipotoka kufua bila viatu. Alimwambia mumewe. Mumewe akaugusa, akasema ni uzee wa mikono. Naye akakubali. Alikuwa ameamini kwamba mikono yake imeanza kufa.

Bwana Mendes alikuwa amesimama kwenye ngazi. Akaivua ile kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mbele ya mkewe, kama mtu aliye kanisani. Mimi nilikwenda nikaketi sakafuni karibu na kile kiti, nikaishika mikono ile, nayo ilikuwa na joto, mikono mizima kabisa. Tulikaa hivyo mpaka jua likaingia katika mikahawa.

Basi, mwanangu, hayo ndiyo niliyotaka uyabebe. Ukiingia katika nyumba ya watu, kabla hujauliza utalala wapi, uliza maji hufungwa wapi na stima huzimwa wapi, na uende ukapaone kwa macho yako, mwenyewe akiwa bado yupo. Ukiona ukuta unatoka jasho, usingoje uone utaishia wapi. Usiguse stima kwa mkono uliolowa, wala usijifanye fundi wa usichokijua. Zima, funga, kisha mwite anayejua. Na usione haya kuwaambia wenye nyumba kilichoharibika, hata kama hakikuharibiwa na wewe.

Lakini hayo hata fundi angekuambia. Langu ni hili. Siku moja mtu atakuambia kuna kitu kinamuuma ambacho wewe hukihisi. Atakuwa mkeo, au mtoto, au mfanyakazi, au mtu usiyemdhania akili. Utakwenda utagusa, nawe hutahisi kitu, na utakuwa unasema kweli. Hapo kumbuka kwamba yeye naye anasema kweli. Adhabu ya kaburi aijua maiti, lakini si lazima watu wafe ndipo wajuliwe. Usimwambie amechoka. Muulize unauma vipi, na lini zaidi, na ukisimama wapi. Na kama wewe ndiye unayeumwa, usinyamaze kama nilivyonyamaza. Sema mara ya tatu, na ya nne, mpaka apatikane wa kukusikia.

Nenda sasa, mvua haijaanza. Mungu aliyetulinda tukiwa hatujui tunalindwa na nini akulinde nawe katika kila nyumba utakayolala. Maji yake yawe ya kukuburudisha, mwanga wake uwe wa kukuonyesha njia. Na akupe mtu wa kukuamini kabla hujapata ushahidi, nawe akufanye kuwa mtu huyo kwa mwingine. Amina, mwanangu. Nenda salama.